Hewa Ipite Nyuma ya Makohozi

BARAKA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Niko na dada Asha, mtaalamu wa fiziotherapia ya kifua, na leo tunazungumzia sistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaojaza makohozi mazito kifuani. Dada Asha, makohozi ya ugonjwa huu kwa nini ni mazito hivyo?

ASHA: Asante, kaka Baraka. Kwenye kuta za njia za hewa kuna vijilango vya kupitisha chumvi. Chumvi ikipita, maji huifuata, na maji hayo ndiyo yanayolainisha ute. Jeni iitwayo CFTR ikiwa na hitilafu, vijilango havifanyi kazi. Ute unakauka na kunata kama ulimbo, bakteria wanaweka makazi. Jasho nalo linakuwa na chumvi nyingi. Mama akimbusu mtoto kwenye paji la uso, anaionja.

BARAKA: Wengi husema ni ugonjwa wa Wazungu.

ASHA: Wao unawapata zaidi, ni kweli. Lakini Afrika Kusini, kwa wagonjwa weusi, kuna badiliko la jeni linalojirudia sana, 3120+1G→A, na si lile lililozoeleka Ulaya. Kipimo kilichotengenezewa Wazungu kinaweza kisilione. Kwa hiyo mtoto anayekohoa miezi na miezi, haongezeki uzito, choo chake kina mafuta, na TB haionekani, naomba sana daktari aufikirie ugonjwa huu.

BARAKA: Na huko nyumbani, mzazi ampige mgongoni?

ASHA: Kumgongagonga kifuani na mgongoni kwa kiganja kilichokunjwa kama kikombe bado kunafanyika, hasa kwa wachanga. Tulichoacha ni kumwinamisha kichwa chini. Utafiti wa Melbourne ulionyesha wachanga wanacheua zaidi wakilazwa hivyo.

BARAKA: Na aliyekwisha kukua?

ASHA: Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana nawaona vijana wakikohoa mpaka wanatoka machozi na kitu hakitoki. Kikohozi cha nguvu kinaminya njia za hewa, makohozi yanabaki yamefungiwa nyuma. Lazima kwanza hewa ipite nyuma yake, ndipo iyasukume. Kaa wima, pumua taratibu, mabega yalegee. Halafu vuta pumzi ndefu mara tatu au nne, kila moja uishike kama sekunde tatu, hewa ipenye pembeni kwenye vinjia vidogo. Tulia tena. Kisha fungua kinywa na koo, utoe hewa kama anayetia ukungu kwenye kioo: haaa.

BARAKA: Hah!

ASHA: Hapo umebana koo, kaka. Legeza, iwe ndefu.

BARAKA: Haaaa.

ASHA: Hiyo ndiyo. Pumzi ya kiasi huyatoa makohozi ya chini kabisa. Yakishapanda, vuta pumzi kubwa uyamalizie. Kisha rudia mzunguko.

BARAKA: Mtoto wa miaka mitano atakubali haya yote?

ASHA: Yeye mpe chupa yenye maji ya kina cha sentimita 10 na mrija mpana wa kupulizia viputo. Ule uzito wa maji unazuia njia za hewa zisijifunge anapotoa pumzi. Avute hewa kwa pua, asije akanywa maji. Kila siku maji yamwagwe, vyombo vioshwe na vikaushwe. Ila kina cha maji na upana wa mrija aoneshwe na mtaalamu kwanza.

BARAKA: Na vidonge vipya vya ugonjwa huu?

ASHA: Vile vya dawa tatu, vinavyosaidia vijilango kufanya kazi, vilivyoidhinishwa Marekani 2019, vimebadilisha maisha ya wengi. Bei yake kule ilianza juu ya dola 300,000 kwa mwaka. Inaniuma, maana familia nyingi za huku zimebaki na pumzi na viganja vyao.

BARAKA: Na mazoezi haya ya kutoa makohozi, wafanye saa ngapi?

ASHA: Kabla ya kula, kwa kawaida mara mbili kwa siku, hata siku ambazo kifua ni chepesi. Mvuke wa maji ya chumvi, ule wa mashine ya kuvutia dawa, utangulie, antibayotiki ya kuvuta ije baada ya makohozi kutoka. Na mkiona damu, acheni kugongagonga, mwende hospitali siku hiyohiyo.