Mlima Huhesabiwa kwa Mahali Unapolala

Waongozaji, wapishi na wapagazi, wagumu wenzangu, habari za mchana.

Watu husema kule juu Kilimanjaro oksijeni imeisha. Haijaisha: ni asilimia 21 ya hewa, kama Tanga. Kilichopungua ni mgandamizo wa hewa, ndiyo maana kileleni, mita 5,895, pumzi moja inakupa karibu nusu tu ya oksijeni unayoipata pwani. Mwili huzoea, ila unadai usiku kadhaa.

Ukishapita mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa siku. Sasa tazameni vibanda vya kulala vya njia ya Marangu: Mandara mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,700 na ushee. Ni mara mbili ya kanuni, na hapo Kibo mgeni anaamshwa saa 5 usiku aanze kupanda! Kwa hiyo siku ya ziada Horombo si ya kunyoosha miguu. Mpandishe hadi Zebra Rocks, kama mita 4,000, kisha arudi kulala Horombo. Anayeikataa ili aokoe ada ya siku moja, heri aende Ngorongoro.

Diamox, dawa ya vidonge, huharakisha mwili kuzoea: miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda, daktari akiridhia. Vidole vitachonyota na choo kidogo kitamwamsha usiku.

Kichwa kikiuma na chakula kikamshinda, huo ni ugonjwa wa mlima. Asipande mpaka apone. Kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni kisikuhadae, maana kidole chenye baridi husoma uongo. Pasha kidole moto kwanza. Halafu chora mstari mchangani, atembee juu yake, kisigino kikigusa ncha ya mguu wa nyuma. Akiyumba, chukulia ubongo umeanza kuvimba. Akihema hali ameketi, mapafu yanajaa maji. Hapo hakuna kungoja kukuche: ashuke sasa hivi na watu wawili, mita 300 kwa uchache, 1,000 ikiwezekana. Mtungi wa oksijeni ni wa kumsindikiza njiani, si wa kumbakiza kambini.

Na mgumu je? Huficha maumivu asikose malipo ya safari. Kila jioni ingia hema la jikoni. Usimuulize "uko poa?", jibu unalijua. Tazama sahani yake: ugali umeliwa, au umechokonolewa tu pembeni?