Vigari Vyepesi kwenye Mchanga wa Korosho

Shikamooni wazee, na nyie wengine habari za mchana. Nimeambiwa niongee kuhusu vigari vidogo vya fowili, yaani vinavyovuta kwa tairi zote nne, Jimny, Escudo, RAV4 na ndugu zao, na naona ukumbi umejaa, najua kwa nini, korosho zimeshauzwa hela imeingia na kila mtu anatafuta gari ya kumfikisha shamba. Mimi ni fundi, nimelala chini ya hizi gari zaidi ya miaka 20, kwa hiyo nitaongea kifundi.

Nianze na mchanga. Mtu wa Tandahimba au Nanyamba huku Mtwara anaujua vizuri, ile njia ya kuingia mikorosho ambayo kiangazi haina tofauti na ufukwe wa Msimbati. Mwaka juzi tunapeleka salfa, ile dawa ya mikorosho, mbele yetu kuna pikapu kubwa, fowili kamili, mzigo umejaa, ikazama mpaka ekseli ikalalia mchanga na dereva kila akikanyaga mafuta tairi zinazidi kuchimba. Sisi tulikuwa na Escudo old model na mifuko michache nyuma. Tukashuka, tukatoa upepo tairi zote nne kutoka psi 30 mpaka 16 hivi, unaona tairi linabonyea chini linakuwa refu pale linapogusa ardhi, nikaingiza lo, ile gia nzito ya kwenda polepole kwa nguvu, tukazunguka pembeni taratibu bila kusimama na tukapita. Vijana wakasifia injini. Jamani, ile pikapu injini yake ilikuwa kubwa kuliko yetu! Tulichowazidi ni wepesi, na nataka mtoke hapa mnalijua hilo, kwamba hivi vigari vilitengenezwa vidogo makusudi na udogo ndio nguvu yake.

Sasa vilianzaje. Kule Japani kulikuwa na kampuni ndogo inaitwa Hope, miaka ya 1967 na 1968 ikatengeneza kigari cha fowili kinaitwa HopeStar ON360, zikauzwa chache sana. Suzuki wakanunua haki zake, na mwaka 1970 wakatoa Jimny ya kwanza, LJ10. Sheria ya magari madogo ya kwao ilitaka gari isizidi mita 3 kwa urefu na injini isizidi cc 360, yaani injini ndogo kabisa, ile ilikuwa cc 359, silinda 2, inachanganyiwa oili kama ya pikipiki za zamani, hospawa 25 tu. Spea tairi wangeifunga nyuma gari ingezidi kipimo, wakaiweka ndani kwenye nafasi ya abiria, ndiyo maana ikabeba watu 3. Mimi hiyo habari naipenda sana. Gari nzima kama kilo 600, ikikwama wanaume wanne wanaisogeza.

Baadaye ikakua, LJ80 mwaka 1977 ikapata injini ya cc 797, ikaja SJ410, na Wahindi wakaitengeneza kwao kwa jina la Maruti Gypsy mpaka jeshi lao likaitumia. Warusi nao mwaka huohuo wa 1977 walitoa Lada Niva, bodi na chasisi, ile fremu ya chuma ya chini, kitu kimoja, inavuta tairi nne muda wote. Mwaka 1988 ndiyo ikaja Escudo, wengine wanaiita Vitara, na hapo mambo yakabadilika, maana chini bado ina chasisi yake na ina lo, ila juu umekaa kama uko kwenye gari ndogo ya saluni, mama anapanda na kanga yake bila kuhangaika.

RAV4 ilitoka 1994. Hiyo ni akili nyingine, vitu vingi imeazima kwa Corolla na Carina, haina chasisi ya peke yake na haina lo. CR-V ikafuata 1995, Forester 1997. Msizidharau. Kabla ya daraja la Mkapa kufunguliwa 2003 tulivuka Rufiji kwa kivuko, leo Mtwara mpaka Dar ni lami, zaidi ya kilomita 500, na Jimny kwenye hiyo safari inakuchosha mgongo, RAV4 inakupeleka umekaa vizuri na ukirudi inaingia barabara ya vumbi ya kijijini bila shida. Ila mchanga mzito au kilima cha Newala kimelowa na umepakia, hapo utaitafuta ile lo na hutaipata.

Na wenye Escudo old model na Jimny, ukishafika lami kavu rudisha 2H, yaani ivute kwa tairi mbili tu. Kwenye kona tairi za mbele zinakwenda mwendo mrefu kuliko za nyuma, na hizi gari hazina difu ya katikati, yaani gia za kuachia tairi za mbele na za nyuma zipishane mwendo, kwa hiyo gari inajikaza, usukani unakuwa mzito, mwisho unavunja transfa, lile boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma.

Jambo lenyewe linaloniuma ni hili. Mzee mmoja aliniletea Escudo aliyouziwa kama fowili, inakwama kwenye mchanga ambao hata bajaji inapita. Nikaingia chini na tochi. Propela ya mbele, ile shafti inayopeleka nguvu tairi za mbele, haipo! Wameitoa ili gari isile mafuta, pale kwenye transfa wamefunga kipande cha bati na tambara lililolowa oili, na kwenye dashibodi taa ya 4WD inawaka kama kawaida. Mzee alikuwa ametoa hela ya msimu mzima wa korosho. Alikaa kwenye ndoo pale gereji muda mrefu haongei.

Escudo yangu ipo nje chini ya mwembe, nimeshatandika gunia. Tutoke, kila mtu aingie chini aishike propela ya mbele kwa mkono wake, kina mama pia, halafu nitawaonyesha kwenye ile RAV4 ya jirani propela inayopeleka nguvu nyuma inapita wapi.