Rangi za Wino Pambizoni

Walimu wangu, wanafunzi, na nyote mliotenga jioni yenu kwa ajili ya kitabu kimoja, ahsanteni.

Nimekuja nacho. Riwaya hii inaitwa S., ilitoka Marekani mwaka 2013. Wazo ni la mtengeneza filamu J. J. Abrams, mwandishi ni Doug Dorst. Abrams ameeleza kuwa aliokota kitabu katika uwanja wa ndege wa Los Angeles, na ndani yake mtu ameandika: atakayekiokota akisome, kisha akiache mahali mwingine akipate. Hapo ndipo mbegu ilipoanguka.

Ukikitoa kwenye kasha lake, unajikuta umeshika kitabu kingine kabisa: Ship of Theseus cha V. M. Straka, toleo la 1949. Mgongoni kina kibandiko cha namba ya maktaba, kurasa zimepiga manjano, na ndani umo mhuri wa maktaba ya shule. Straka hakuwahi kuwako duniani. Riwaya yake imetungwa ili iandikwe pembeni.

Katikati ya ukurasa kuna mtu aliyepoteza kumbukumbu, anatiwa katika merikebu ambayo mabaharia wake wameshonwa midomo. Pambizoni kuna Jen, mwanafunzi anayefanya kazi maktabani, aliyekikuta kitabu na kumwandikia mwenyewe, Eric, mtafiti wa Straka aliyefukuzwa chuoni. Wanaachiana kitabu hapo maktabani, huyu anaandika, yule anajibu, kwa muda mrefu bila kuonana uso kwa uso. Wanamsaka Straka halisi alikuwa nani, na huku wanapendana. Chini kabisa, kwenye tanbihi, mfasiri F. X. Caldeira naye anasema yake kwa mafumbo. Na tazameni jambo hili: katikati watu wameshonwa midomo, pembeni watu hawaachi kusema. Kwangu mimi hapo ndipo riwaya nzima ilipo.

Mara ya kwanza niliisoma kama ninavyosoma gazeti, kila nilichokiona nakisoma papo hapo. Haukupita muda nikawa nimepotea. Ukurasa wa mwanzo tu, Jen anataja tukio ambalo sijalisikia, na Eric anamjibu kana kwamba mimi nalijua. Nikadhani nimeruka kurasa. Kumbe nilikuwa sijaitazama rangi ya wino.

Rangi ndiyo kalenda. Penseli iliyofifia ni ya Eric akiwa kijana wa miaka 16, anasoma peke yake. Bluu ya Jen na nyeusi ya Eric ndio mwanzo wa kujuana. Wakirudi kukisoma tena, Jen anashika rangi ya machungwa, Eric kijani. Baadaye tena, zambarau na nyekundu. Kwa hiyo katika ukurasa mmoja, Jen wa bluu anauliza swali kwa tahadhari ya mtu asiyemjua mwenzake, na inchi moja kutoka hapo Jen wa zambarau, miezi mingi baadaye, anamsema Eric kama mtu wake wa nyumbani. Ukurasa haujageuka, aliyegeuka ni msomaji. Sijui njia bora zaidi ya kuonyesha kwamba mtu harudi kwenye kitabu akiwa yule yule.

Waliosoma vitabu vya dini huku kwetu pwani ukurasa wa namna hii hauwashtui: matini katikati, sharhe inaizunguka, mwanachuoni mmoja akimfuata mwingine. Lakini kule kila sharhe ina mwenyewe na ina mamlaka. Hawa wawili hawana mamlaka yoyote. Wanakosea, wanaona haya, wanafuta kauli zao, na nawapenda kwa hilo.

Ushauri wangu, baada ya kuisoma mara tatu: soma sura nzima ya katikati kwanza, hata pale inapokuwa nzito, na nzito inakuwa kweli. Kisha rudi kwa bluu na nyeusi. Hizo rangi nyingine zije baadaye.

Sasa nitakipitisha, kila mtu akishike. Ndani mna barua, postikadi, kipande cha gazeti, kitambaa cha karatasi cha mkahawani kilichochorwa ramani, na duara la kuzungusha la kufumbulia mafumbo. Kila kimoja kina ukurasa wake, na kikihama, habari yake inakatika. Mimi vilinimwagikia vyote ndani ya daladala, nikakaa siku mbili nikivirudisha. Ndiyo maana nyuma ya kila kipande mtaona namba ndogo kwa penseli. Mwandiko huo ni wangu. Anzeni safu ya mbele, tafadhali, na mkifungulie mezani, msikiinue wima.