Wanaoondoka Kwanza, Ajira Baadaye

Ratiba inasema nizungumzie ajira mpya za maofisa wa ulinzi wa mtoto. Nitaigusa mwishoni, nikikumbuka. Mnaonifahamu mnajua naanzia wapi: kwa wanaoondoka.

Chukueni kalamu. Kitengo kina maofisa 6, kila mmoja ana kesi 15. Jumla 90. Mmoja akiacha kazi, kesi zake hazimfuati. Waliobaki wanabeba 18 kila mmoja. Akiondoka wa pili, zinakuwa 22 na nusu, na kwa kuwa nusu kesi haipo, wawili wanabeba 23. Akiondoka wa tatu, 30. Na hapo nimejifanya kwamba simu za taarifa mpya zimenyamaza! Mwenye kesi 30 hafanyi kazi maradufu. Anachagua cha kuacha. Kwanza anaacha ziara ya mwezi kwa mtoto aliye kwa mlezi wa kambo, maana "yule hana shida". Kisha anaacha kumhoji mtoto faragha, kwa sababu inadai safari nyingine hadi shuleni. Mwisho anaacha kuandika kumbukumbu. Jalada likifika mahakamani halina kitu, shauri linaahirishwa, na ofisa anabaki na kesi ambayo ingekuwa imeshafungwa. Kwa hiyo naye anaandika barua ya kuacha kazi.

Upo utafiti wa Milwaukee, Marekani, uliotazama watoto walioingia kwenye uangalizi wa serikali, nje ya nyumba zao, kuanzia 2003: kadiri mtoto alivyobadilishiwa maofisa, ndivyo nafasi ya kupata makazi ya kudumu, yaani familia ya kubaki nayo, ilivyoshuka. Najua kuna mtu pale nyuma ameshainua kidole: "Lakini mtoto anayekaa muda mrefu ndiye anayefikia kubadilishiwa maofisa!" Kweli, na sisemi ucheleweshaji wote unatokana na hilo. Lakini mtazameni ofisa wa pili anavyoanza. Hamjui shangazi aliyekuwa tayari kumchukua mtoto, kwa sababu mazungumzo yale yalifanyika mlangoni na hayakuandikwa popote. Anaomba mahakama muda wa kutafuta ndugu. Ndugu alikwisha kupatikana!

Basi makabidhiano yafanyike nyumbani kwa familia, ofisa wa zamani na mpya wakiwa pamoja, si kwa kusukumiana majalada mezani. Ofisa mpya aanze na kesi mbili au tatu za ufuatiliaji, akiongozana na mzoefu. Uchunguzi wa ukatili wa kingono usubiri. Sasa hivi tunafanyaje? Kiti kitupu kina majalada 15, mgeni anakikalia Jumatatu, yote yanakuwa yake. Halafu tunashangaa kiti kikiwa wazi tena.

Wasimamizi, kwa haraka. Ligi ya Ustawi wa Mtoto ya Marekani, muungano wa mashirika ya huduma za watoto, inapendekeza msimamizi 1 kwa maofisa 5, na uchunguzi usiozidi 12 kwa ofisa kwa mwezi. Msimamizi asibebe kesi zake mwenyewe. Akibeba, hamna msimamizi.

Kumpeleka mtoto hospitali, kutoa nakala, kupanga tarehe: ajirini wasaidizi. Kazi hizo hazihitaji shahada.

Zamu za usiku… naonyeshwa saa. Mishahara mnaijua. Kuhusu ajira mpya: tangazo litaje idadi ya kesi na zamu za usiku zilivyo, ili atakayekuja awe anajua anachokijia. Maswali?