Bunduki ya Zamani Inakula Risasi Gani? Pima Chemba Kabla Hujalipa

Habari zenu watazamaji, karibuni tena mezani kwangu. Leo nina bunduki ya watu hapa, bado si yangu. Ni Winchester modeli ya 1885, ile yenye mabega marefu ambayo huku Marekani ninakoishi wanaiita High Wall. Mwenyewe ni mzee jirani yangu, anataka kuiuza, na juu ya mtutu, karibu na fremu, imepigwa chapa 32-40, yaani jina la risasi inayokula. Nimemwomba anipe siku mbili nayo. Leo tunaangalia kama chapa inasema kweli.

Kwa wageni: bunduki hii haina magazini. Unasukuma wenzo huu chini, kiziba cha chuma kinateremka, hivi, unaona. Unaingiza risasi moja kwa mkono, unarudisha wenzo, kiziba kinapanda na kuziba nyuma ya chemba, lile tundu la nyuma ya mtutu ganda la risasi linapokaa. Ukikosa, mnyama kaondoka. Aliyeibuni ni John Browning, kijana wa Ogden, Utah, aliyepata hataza yake mwaka 1879 akiwa na miaka 24. Mwaka 1883 kampuni ya Winchester ilinunua haki zake kwa dola 8,000, na mwaka 1885 ikaanza kuiuza kwa jina lake.

Kwa nini nasumbuka kupima? Kwa sababu nimeshaliwa. Miaka kadhaa nyuma nilinunua nyingine kama hii, chapa yake 45-70, safi, mbao zinang'aa. Risasi ya 45-70 iliingia vizuri, ikalia vizuri, lakini matundu kwenye shabaha yalitawanyika kama mtu kamwaga mtama. Nilipokuja kupima, nikakuta fundi fulani wa zamani aliichimba chemba iwe ya 45-90. Ganda la 45-70 lina urefu wa inchi 2.1, la 45-90 inchi 2.4, na makalio yao, yaani kitako cha nyuma cha ganda, ni yale yale. Kwa hiyo fupi linaingia kwenye refu bila kulalamika, na kichwa cha risasi kinaruka pengo kabla hakijashika mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu. Wakusanyaji wenzangu walipojua chemba si ya kiwandani, hakuna aliyeitaka tena kwa bei niliyotoa.

Haya, tuanze. Hatua ya kwanza ni fupi: fungua, tazama chemba kwa jicho, ingiza kidole, hakikisha ni tupu. Halafu sheria. Marekani, kwa sheria ya shirikisho, bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla ya hapo inahesabiwa ni kitu cha kale. Hizi ziliendelea kutengenezwa hadi karibu 1920, kwa hiyo namba ya bunduki ndiyo inayoamua, jina la modeli halitoshi. Jumba la makumbusho la silaha lililoko Cody, Wyoming, linatunza vitabu vya kiwanda vya Winchester. Kwa namba nyingi za modeli hii watakuandikia barua ya jinsi bunduki ilivyotoka kiwandani. Mtazamaji wa Tanzania au Kenya, wewe kwanza kibali, hata kama babu yako ndiye aliyeiacha darini.

Hatua ya pili, soma jina. Hapa ndipo watu wanapotea, maana namba ya pili haina maana moja. Kwenye 45-70, ya kwanza ni upana, sehemu 45 za mia za inchi, na ya pili ni greni 70 za baruti nyeusi, greni ni kipimo kidogo cha uzito. Hiyo ilikuwa risasi ya jeshi la Marekani tangu 1873. Lakini 30-06, ile 06 ni mwaka 1906. Na 250-3000, ile 3000 ni mwendo, futi elfu tatu kwa sekunde, kampuni ya Savage iliitangaza hivyo mwaka 1915 kuvutia wateja. Waingereza nao wana mtindo wao: 577/450 ya Martini-Henry, bunduki yao ya kijeshi ya zamani, maana yake ni ganda la 577 lililobanwa shingo lishike kichwa cha 450. Wajerumani ndio wanyoofu. Wakikuandikia 11.15×60R, ni upana kwa milimita, urefu wa ganda kwa milimita, na R ni ukingo wa makalio. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikiliwa na Mauser ya 1871. Ndugu zangu wa Tanga, askari wengi wa Kijerumani mwaka 1914 bado walikuwa na bunduki hiyo ya risasi moja, na moshi wake mzito ulimwonyesha adui walipolala.

Hata upana wenyewe si wa kuaminika. 38-55 kichwa chake ni kama inchi 0.377 hivi, hakifiki 0.38. 45-70 ni 0.458. Jina ni jina tu, kama mtu mnene anayeitwa Kijiti.

Hatua ya tatu ndiyo kazi yenyewe: tunaipiga chemba muhuri, yaani tunamimina chuma kilichoyeyuka kichukue umbo lake. Natumia aloi inayoitwa Cerrosafe. Inayeyuka kati ya nyuzi 70 na 88 za Selsiasi, yaani chini ya maji yanayochemka. Kwa hiyo naweka kikopo ndani ya maji ya moto, siweki juu ya moto wenyewe. Ndani yake kuna madini ya risasi na kadmiamu, kwa hiyo fungua madirisha, na sufuria ya jikoni usiiguse. Mimi nina kikopo changu na mke wangu anakijua.

Kwanza safisha chemba, futa mafuta yote, acha utando tu. Sukuma kitambaa kutoka mdomoni mwa mtutu mpaka kibaki kama sentimita moja mbele ya koo la chemba. Sasa mimina, taratibu, mtutu umesimama. Ishia kwenye ukingo. Usizidishe! Ikimwagikia kwenye kitoa ganda na njia ya kiziba, utakaa jioni nzima na kikausha nywele ukiyeyusha ulichokifunga. Inapoganda inanywea kidogo, hiyo ndiyo nafasi yako ya kuitoa, ndani ya nusu saa ya kwanza. Naigonga kwa fimbo kutoka mbele... imetoka. Nzuri sana hii. Sasa iache. Saa moja baada ya kumimina inarudi kwenye kipimo halisi cha chemba, na baadaye inaendelea kutanuka. Ukiipima kesho asubuhi utajidanganya.

Wakati tunasubiri, hatua ya nne. Hii ni duara ya madini ya risasi, laini, safi, bila kuchanganywa. Kiswahili chetu risasi ni madini na risasi ni risasi, mtanivumilia. Naipaka mafuta, naiweka mdomoni mwa mtutu, naigonga iingie kwa nyundo ya mbao, kisha naisukuma kwa fimbo mpaka itokee nyuma. Inabeba alama ya mifereji yote. Sikiliza mkono wako: ikipita kwa ugumu ule ule mwanzo hadi mwisho, mtutu ni mzuri. Ikilegea katikati, pameliwa na kutu, au kuna uvimbe. Hii imepita vizuri.

Tano, nguvu. Ukishajua umbo la chemba, bado hujajua chuma kinavumilia nini. Bunduki ya Kiingereza itazame chini ya mtutu: herufi NP chini ya taji kwa Birmingham, au chini ya mkono ulioshika upanga kwa London, maana yake imejaribiwa kwa baruti isiyo na moshi, ile yenye nguvu kuliko nyeusi. Usipoziona, ichukulie ni ya baruti nyeusi. Za Marekani hazina msaada huo, na 45-70 ndiyo mtego mkubwa: dukani kuna risasi laini za bunduki za kale, na kuna kali zilizoandikwa ni za silaha za kisasa kama Ruger No. 1, iliyotoka 1967. Boksi linaweza kufanana. Soma maandishi madogo.

Saa imetimia, sogea karibu, nashika kalipa, kile kifaa cha kupimia unene. Makalio ya muhuri... ni ya ukoo wa 32-40, sawa kabisa. Lakini makalio hayo ni ya 38-55 pia, ni ndugu hao. Twende shingoni. 32-40 ingetupa kama inchi 0.34. Hapa nasoma 0.395. Na ile duara iliyopita kwenye mtutu? 0.379. Ingetakiwa 0.320.

Basi ndiyo hivyo, hii ni 38-55. Mtutu uliliwa, mtu akaupanua kwenda kaka yake mkubwa, kazi safi kabisa, ila hakubadilisha chapa. Ukiweka 32-40 humu, kichwa kitapita kikigongana na kuta kama punje ndani ya debe.

Mimi bado naitaka. 38-55 ni risasi tamu, na mtutu huu utapiga. Ila siinunui kwa bei ya bunduki ambayo haijaguswa. Kesho nampelekea mzee muhuri huu na hii duara, naviweka mezani pake pamoja na kalipa apime mwenyewe, halafu ndipo nitaje bei.