Mtungi wa Maji, Birika la Chai na Mvuke wa Olkaria

*Mhadhara kwa wanafunzi wa Gredi ya 8, Nairobi, kama ulivyotolewa*

Hamjambo? Kaeni. Walio nyuma kabisa wasogee, kwa sababu hapa mezani kuna birika na kipimajoto na nataka kila mtu avione.

Nianze na swali. Nani asubuhi hii amepandisha maji ngazi? Naam, mikono ni mingi. Mifereji ikikauka huku Eastlands, mtungi wa lita 20 hutafutiwa mbebaji, na mara nyingi mbebaji ni mtu wa umri wenu. Basi leo tuufanyie hesabu huo mtungi, maana nishati ukiisoma bila hesabu inabaki maneno ya kukariri. Kitabu kinasema nishati ni uwezo wa kufanya kazi. Ni kweli. Lakini kazi kiasi gani?

Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo mtungi una kilo 20. Kila kilo huvutwa chini na dunia kwa kani, yaani nguvu ya kuvuta, ya takriban nyutoni 10; nyutoni ndiyo kipimo cha kani. Jumla nyutoni 200. Unaishi ghorofa ya nne, tuseme ni mita 12 kutoka chini. Zidisha 200 kwa 12: jouli 2,400, na jouli ndiyo kipimo cha nishati. Hiyo ndiyo nishati uliyoyapa yale maji.

Na wewe mwenyewe je? Hukubaki chini. Ukiwa na kilo 45 umeuinua mwili wako kwa jouli 5,400, zaidi ya mara mbili ya maji. Kisha misuli yetu hugeuza karibu robo tu ya nishati ya chakula kuwa kazi ya namna hii. Sehemu kubwa inayobaki hutoka kama joto. Ndiyo sababu unafika juu jasho likikutiririka hata mwezi wa Julai.

Sasa tuandike ubaoni kilichotokea. Githeri uliyokula jana ilikuwa na nishati ya kikemikali. Ulipokuwa ukipanda, ikawa nishati ya mwendo na joto. Mtungi ulipotua juu, maji yakawa na nishati tuli, ile inayotokana na mahali kitu kilipo. Ukiyamwaga kutoka roshani, msiyamwage lakini, ile nishati tuli inakuwa mwendo, na yakigonga chini unasikia sauti, na maji yenyewe yanapata joto kidogo mno. Hayo ndiyo maumbo: kikemikali, mwendo, tuli, joto, sauti. Ongezeni mwanga, umeme, na nyuklia, ambayo imefungwa katikati ya atomu. Nishati huvua umbo moja ikavaa jingine. Jumla yake haiongezeki wala haipungui.

Sasa birika. Njoo wewe, dada, usome kipimajoto. Nyuzi 20. Maji ni lita moja. Mwingine ashike saa. Tunawasha.

Yakiwa yanachemka, nawaambia habari ya Mwingereza mmoja, James Joule, ambaye jina lake ndilo tumelitia katika kipimo chetu. Katika miaka ya 1840 alifunga uzito kwenye kamba, akauacha ushuke polepole, na ule uzito ukazungusha makasia madogo ndani ya chombo cha maji. Alikuwa na vipimajoto vya kusoma mabadiliko madogo sana. Uzito ukishuka, maji yanapata joto. Akarudia, akarudia, mpaka akajua kushuka kwa uzito fulani kunaleta joto kiasi gani. Wakati ule wasomi wengi walidhani joto ni aina ya majimaji yasiyoonekana yanayohama kutoka kitu kimoja hadi kingine. Joule alionyesha kwamba joto na kazi ya kuinua mzigo ni jambo moja, na vinapimwa kwa kipimo kimoja. Mimi naliona hili kuwa kati ya mambo makubwa kabisa ambayo binadamu amegundua, na ningependa muondoke hapa mkiliona hivyo.

Imechemka. Saa inasema nini? Karibu dakika tatu. Kipimajoto? Nyuzi 95. Ndiyo, Nairobi maji hayangoji 100, kwa sababu tuko juu sana kutoka usawa wa bahari na hewa yetu ni nyepesi. Mombasa yangefika 100.

Kupandisha joto la lita moja ya maji kwa nyuzi moja kunahitaji jouli 4,200. Tumepanda nyuzi 75. Zidisheni. Ngapi? Jouli 315,000. Haya, gawanyeni kwa zile 2,400 za mtungi.

131.

Msicheke, hesabu iko sawa. Nishati iliyochemsha lita moja ya maji ya chai ingeupandisha ule mtungi hadi ghorofa ya nne mara 131. Hakuna hata mmoja wenu anayeweza kuifanya kazi hiyo kabla ya chakula cha mchana, na birika limeifanya kwa dakika tatu, bila kelele ya maana. Andikeni hiyo namba kwenye daftari, hata mkikosa kuandika kingine. Joto hula nishati. Kila mnapoona kitu kinachopasha moto, kiwe jiko, pasi au hita ya bafuni, jueni hapo ndipo jouli zinapoishia kwa wingi.

Imetoka wapi nishati hiyo ya birika? Sema kwa sauti. Stima, yaani umeme? Hapo tukae kidogo, kwa sababu jibu hilo nalipata kila mahali, hata kwa watu wazima. Stima si chanzo. Hakuna mahali Kenya ambapo watu huchimba stima. Stima ni umbo ambalo nishati huchukua ili isafiri kwenye waya. Chanzo kiko nyuma yake, na lazima uendelee kuuliza: kabla ya hapo ilikuwa nini?

Tuufuate waya. Huenda ukatufikisha Olkaria, ng'ambo ya Naivasha. Chini ya Bonde la Ufa miamba yenye moto iko karibu na uso wa dunia kuliko mahali pengi. Wahandisi wanachimba visima vya kilomita mbili, hata tatu, na mvuke unapanda kwa nguvu nyingi. Mvuke huo unazungusha turbini, yaani gurudumu lenye mapanga, turbini inazungusha jenereta, na jenereta inatoa umeme. Joto, mwendo, umeme. Mtambo wa kwanza ulianza kazi 1981, wa megawati 15, yaani wati milioni 15, na Kenya ikawa nchi ya kwanza Afrika kuzalisha umeme wa mvuke wa ardhini kwa kiwango kikubwa. Leo zaidi ya thuluthi ya umeme wetu unatoka kwenye mvuke huo. Mkisikia mtu akisema sayansi ni mambo ya kwingine, mpelekeni Olkaria.

Au waya utatufikisha mto Tana. Pale kuna mabwawa matano yaliyofuatana: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Kindaruma ndilo la kwanza kujengwa, likaanza kutoa umeme 1968. Maji yaleyale hufanya kazi Masinga, yakateremka, yakafanya kazi tena Kamburu, na kuendelea hivyo hadi Kiambere. Hapa tuurudie mtungi wetu. Uniti moja ya stima, ile ya kwenye tokeni mnayotumwa kununua, ni jouli milioni 3.6. Maji yakianguka mita 100, inabidi mitungi 180 ianguke ili upate uniti moja, na hapo nimechukulia kwamba mitambo haipotezi chochote, jambo ambalo haliwezekani. Kwa hiyo mvua ikikosa kunyesha Mlima Kenya na Nyandarua, mabwawa yanashuka na umeme wa maji unapungua. Mvuke wa Olkaria haujali kiangazi. Ndiyo maana mimi naona nchi ilifanya busara kuchimba.

Nani aliyapandisha maji ya Tana hadi mlimani? Jua. Liliyapasha bahari na maziwa joto, yakawa mvuke, yakapanda, yakanyesha. Jua ndilo huipasha ardhi joto pasipo usawa, na hewa ikikimbia kutoka huku kwenda kule tunaiita upepo. Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana, mitambo 365 huukamata upepo huo, megawati 310 kwa jumla. Ile midogo ya milima ya Ngong mnaiona siku ambayo hakuna ukungu. Mahindi na maharagwe ya githeri yalikula mwanga wa jua. Kuni na makaa, vivyo hivyo. Hata petroli ya matatu ni mabaki ya viumbe wadogo wa baharini walioishi kwa mwanga wa jua mamilioni ya miaka iliyopita. Hiyo ukiichoma leo, hairudi katika maisha yako wala ya wajukuu wako.

Swali lile pale. *Kwa hivyo kila kitu kinatoka kwa jua?* Swali zuri sana. Karibu kila kitu, ila Olkaria hapana. Moto ule wa chini kwa sehemu umebaki tangu dunia ilipoumbika, na kwa sehemu unatokana na elementi zinazooza polepole ndani ya miamba, yaani nishati ya nyuklia. Urani inayotumika katika kituo cha umeme wa nyuklia cha Koeberg, Afrika Kusini, nayo haitegemei jua.

Na jua lenyewe tunaweza kulichukua moja kwa moja. Saa sita mchana kukiwa hakuna mawingu, kila mita mraba ya bati la paa hupokea karibu wati 1,000. Paneli nzuri hugeuza takriban sehemu moja kati ya tano kuwa umeme. Garissa wana kituo cha megawati 50 kinachofanya kazi hivyo. Taabu ya jua ni usiku. Lazima uwe na betri, na betri ni ghali.

Kuhusu makaa nina neno moja, na naomba mlisikilize vizuri. Makaa yakiwaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi. Usiku wa baridi watu huingiza jiko chumbani, wanafunga dirisha, wanalala, na asubuhi hawaamki. Mtoto wa miaka kumi na tatu anaweza kuokoa nyumba nzima kwa kukataa jiko lilale ndani. Kataeni, hata kama anayeliingiza ni mkubwa wenu. Mwambieni kwa heshima, lakini kataeni.

Muda unaniishia, kwa hiyo nitoe zoezi. Jioni, tazameni vifaa vya nyumbani. Kila kimoja kina kibandiko chenye namba ya wati. Wati ni jouli ngapi kwa sekunde. Birika letu ni la wati 2,000, na mkigawanya 315,000 kwa 2,000 mtapata sekunde 158. Saa yetu ilionyesha zaidi kidogo, kwa sababu birika lenyewe nalo lilipata joto na hewa ikachukua lake. Chukueni wati, zidisheni kwa saa kinazowaka, gawanyeni kwa 1,000, na hizo ni uniti. Balbu ya LED ya wati 9 itawaka zaidi ya saa 110 kwa uniti moja. Pasi ya wati 1,000 itamaliza uniti hiyo kwa saa moja. Hita ya bafuni ya wati 5,000 itaimaliza kwa dakika 12, kwa hiyo anayeimba bafuni wimbo wa tatu aambiwe.

Kibandiko kiko nje ya kifaa, nyuma au chini. Msifungue chochote, msiguse waya ulio wazi, na kama kifaa kimepata joto kali au kimelowa maji, kiacheni, mmwombe mkubwa awasomee. Mleteni mwalimu wenu orodha Jumatatu, na mbele ya kila kifaa mwandike nishati yake inageuka kuwa umbo gani.