Kutoka Chapwani hadi Tanga: mhadhara kwa wanafunzi wa zamani kabla ya ziara ya kumbukumbu ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia

Assalamu alaykum. Wazee wetu, walimu wetu, na nyote mliosoma skuli hii, ahsanteni kwa kufika.

Ziara ya viwanja vya vita huvutwa na makaburi, na wenye makaburi ni mabaharia na maofisa. Wapagazi hawana. Waliokufa wakilibebea mizigo jeshi la Waingereza Afrika Mashariki wanakisiwa kupindukia 90,000, na wamo watu wa visiwa hivi vya Zanzibar. Risasi haikuwaua wengi wao. Waliuliwa na kuhara damu, malaria na homa ya mapafu. Mtu aliyekulia wali na muhogo alipewa unga wa mahindi, kuni mbichi, na amri ya kuondoka kabla ugali haujaiva. Tumbo likiharibika, mzigo haupungui. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza iko Kilimani, kwenye Nyaraka za Taifa, wiki kadhaa kabla ya safari. Nendeni na barua ya jumuiya yenu inayotaja mada na miaka mnayotafuta. Makarani wa enzi ile waliandika majina kwa kusikia, kwa hiyo jina la Kombo litafuteni kwa K na kwa C, na msiache la baba.

Sasa Chapwani, kisiwa kidogo cha hapa Unguja. Alfajiri ya 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliikuta Pegasus ya Waingereza imetia nanga hapa bandarini, mitambo yake ikitengenezwa. Mizinga ya Pegasus haikuweza kufika ilikokuwa Königsberg, na siku hiyo hiyo Pegasus ikazama. Baadhi ya waliokufa wamezikwa Chapwani.

Kwenda ni mwendo mfupi, lakini tarehe ya kumbukumbu haingoji mwezi. Ikiangukia bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hapa kwetu hupwa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, yaani wakati ule ule watu wanaopenda kuondoka. Mashua itasimama mbali, na wazee watashushwa kwenye miamba yenye mashokoro. Ondokeni saa moja mrudi mapema, au nendeni alasiri. Ikiwa maji mafu, hakuna haraka hiyo. Kila abiria avae jaketi la kuokolea tangu ufukweni, na ruhusa ya kushuka iombwe mapema, maana kisiwani kuna hoteli.

Tanga inataka siku nzima. Tarehe 2 Novemba 1914 Waingereza walifika na askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka India. Walipoteza muda kwa kuuonya mji na kuhofia mabomu ya baharini, na muda huo Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliutumia kuwashusha watu wake kwa reli kutoka Moshi. Alikuwa na kama 1,000 tu, akashinda. Wavamizi walipanda meli tena tarehe 5 wakiacha risasi 600,000. Nyuki waliwauma askari wa pande zote mbili; kisa hicho kinasimuliwa sana kuliko reli, na mimi naona reli ndiyo yenye somo. Tembeeni basi kutoka Ras Kazone waliposhukia mpaka njia ya reli, kwa miguu, kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kutoka kwenye basi hamtafahamu kwa nini kikosi kilichochoka na safari ndefu ya bahari kilipotezana ndani ya mashamba na vichaka. Novemba ni vuli: chukueni makoti ya mvua, na ramani itiwe ndani ya mfuko wa nailoni. Mkizidi ishirini, gawanyikeni makundi mawili, la sivyo wa nyuma hawasikii kitu.

Kurudi piteni Dar es Salaam, kwenye sanamu ya Askari ya 1927. Maandishi yake ya Kiswahili yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi. Ipo katikati ya mzunguko wa magari, kwa hiyo fikeni Jumapili asubuhi, na majina mtakayokuwa mmeyapata Kilimani yasomwe pale kwa sauti, kila jina na la baba yake, kisha dua.